Kile Ambacho Mashine Haikukifuta: Kiswahili cha Uhura katika Star Trek

Tarehe 8 Septemba 1966 kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia iitwayo Star Trek, na usiku huohuo Kiswahili kikasikika ndani ya chombo cha angani. Nawaomba wenzangu wa darasa la Kiswahili wasishangilie mapema. Aliyeanza kukisema ni zimwi.

Sehemu hiyo inaitwa "The Man Trap". Iliandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels. Zimwi lenyewe linaishi kwa chumvi, na chumvi hiyo linaifyonza kutoka miilini mwa watu mpaka wafe. Tena linaweza kujigeuza: kila anayelitazama huona mtu ambaye moyo wake unamtamani. Linapokutana na Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha Enterprise, linajigeuza kuwa kijana wa Kiafrika, mtanashati. Linaanza kwa Kiingereza, likimwambia kwamba anaonekana mpweke. Uhura halichukulii kwa uzito. Anajibu kwa mzaha wa mtu aliyekwisha kutongozwa mara nyingi. Ndipo linapobadili lugha. Likishamsemesha kwa Kiswahili, Uhura analegea, naye anajibu kwa Kiswahili, macho hayabanduki tena, na anaponea chupuchupu.

(Watu wa upande huu wa Uganda hawacheki wakisikia habari za kuua kwa ajili ya chumvi. Ziwa Katwe liko hapo Kasese, na chumvi yake iligombewa na wafalme kabla Waingereza hawajafika.)

Mtu anaweza kusema ni sifa kwamba mwandishi wa Marekani aliikumbuka lugha yetu. Mimi naiona ni sifa yenye mwiba. Kiswahili hapa ni chambo. Kimeletwa kwa sababu ni lugha ya ndani kabisa ya moyo wa Uhura, na adui anayeijua anaweza kuingia bila kubisha hodi. Jambo hili Waganda wengi wa umri wa wazazi wetu wangelielewa bila kufafanuliwa, ila kwa kinyume chake: kwao Kiswahili kilikuwa sauti ya mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo lilikidhuru kuliko kukisaidia, kwa kuwa watu walikwisha kuisikia lugha hiyo katika vinywa vya askari. Mpaka leo, ukipanda matatu Mbarara ukasema Kiswahili, kuna mzee atakayekugeukia kukuangalia mara mbili.

Nieleze nilivyofika kwa Uhura. Napanga chumba Ruti, ng'ambo ya mto Rwizi, kando ya barabara inayokwenda Kabale hadi Rwanda. Malori yanalala hapa. Madereva wanatoka Mombasa, Kigali, Goma, Bujumbura, na lugha ya kuulizana bei ya chakula ni Kiswahili, cha kila rangi. Karibu na maegesho kuna vibanda vya kunakili filamu kwenye flashi. Unachagua kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, unalipa, unaondoka. Nilitaka filamu za kivita zilizotafsiriwa na mtangulizi wa Kiganda, wale tunaowaita VJ, wanaozungumza juu ya picha na kuongeza chumvi yao wenyewe. Kijana wa kibanda akanijazia nafasi iliyobaki kwa Star Trek ya zamani, akisema haina mnunuzi.

Sikuipenda mara moja. Mawe ni ya maboksi, na mapigano ni ya watu wanaoogopa kuchana nguo. Nahodha Kirk anapenda kuhutubia. Lakini mtu aliyezoea michezo ya jukwaani ya shule hashindwi na mawe ya maboksi. Baada ya sehemu tatu au nne nilikuwa nimeacha kuyaona. Nikabaki na swali linaloulizwa kila mara: watu wa asili mbalimbali wamefungiwa ndani ya kitu kimoja, mbali na kwao, wataishije? Mimi nimekulia Nakivale, wilaya ya Isingiro, katika makazi yaliyopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Msomali ana duka, Mkongo ana cherehani, Mrundi analima, Mwethiopia anachoma kahawa, na wote wanasubiri foleni ileile. Swali hilo halikuwa geni kwangu.

Kilichonifanya shabiki hasa ni sehemu ya mwaka 1967 iitwayo "The Changeling", iliyoongozwa na Marc Daniels yuleyule kwa maandishi ya John Meredyth Lucas. Wanafunzi wa fasihi tungeisoma kama tunavyosoma matini yoyote, maana ndani yake mna hoja kuhusu lugha ambayo nadhani hata waandishi wenyewe hawakuikusudia.

Mashine iitwayo Nomad inaingizwa chomboni. Ilitengenezwa duniani, ikaharibika safarini, ikaungana na mashine nyingine ya kigeni, na sasa imeamini kwamba kazi yake ni kutafuta kilicho kamili na kuangamiza kisicho kamili. Inamsikia Uhura akiimba akiwa kazini. Inakwenda kumwuliza wimbo ni nini na wa nini. Majibu hayairidhishi, nayo inapekua akili yake na kufuta maarifa yote yaliyomo. Inapoulizwa, inasema kiungo hicho kina kasoro, fikra zake zimevurugika. Spock anaieleza kwamba kiungo hicho ni mwanamke. Mzaha huo umechina. Mwaka 1967 labda watu walicheka.

Katika sehemu hiyohiyo mashine inamwua Scotty, fundi mkuu, kisha inamfufua, mzima kama alivyokuwa. Lakini inapotakiwa kumrudishia Uhura maarifa yake, haiwezi. Kwa hiyo katika ulimwengu wa tamthilia hii kumfufua maiti ni kazi ya fundi, bali kumrudishia mtu alichokuwa anakijua hakuwezekani. Lazima afundishwe upya.

Basi tunamwona Uhura amelala katika chumba cha wagonjwa, mbele yake pana maandishi ya mtoto anayeanza kusoma, pembeni yuko nesi Chapel. Anasoma sentensi ya mbwa na mpira, neno kwa neno. Anakwama kwenye neno la rangi ya buluu, anavyoliona lilivyoandikwa silivyo linavyotamkwa. Na Kiswahili kinamtoka. Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza, kwa upole, kama mwalimu mwema anavyofanya. Tukio zima halifiki dakika mbili. Sikio langu linanieleza kwamba Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alifunzwa maneno hayo wala hakuzaliwa nayo, lakini hilo si hoja yangu.

Hoja yangu ni hii. Kama mashine imefuta maarifa yote, Kiswahili kimebakije? Mashabiki wanalitaja hili kama kosa la kiufundi katika hadithi, na wengine wanaliziba kwa maelezo ya ubongo. Mimi nasema tusilizibe. Kiswahili kilibaki kwa sababu walioandika hawakukihesabu kuwa maarifa. Walikihesabu kuwa asili: kitu kilicho katika damu, kama rangi ya ngozi, kisichofundishwa wala kusahaulika. Kiingereza ni maarifa, kwa hiyo kinaweza kufutwa na lazima kirudishwe ili mtu arudi kazini. Kiswahili ni kile anachobaki nacho mtu asiyejua kitu. Ukiweka tukio hili kando ya lile la zimwi, msimamo ni mmoja: katika karne ya 23 Kiswahili kipo, kinapendwa, kinaamsha hisia, na hakifanyi kazi yoyote.

Mtu aliyepitia shule za huku baada ya kutoka Kongo anajua mashine ya namna hiyo inavyofanya kazi. Nilifika nikiwa na miaka 12. Kule Kivu Kusini nilikuwa nimemaliza mwaka wa tano wa shule ya msingi kwa Kifaransa. Nilijua sehemu za hesabu, nilijua mito ya Kongo, nilizungumza Kibembe na mama na Kiswahili na dunia nzima iliyobaki. Nilipewa karatasi ya maswali ya Kiingereza. Nikapelekwa darasa la pili, nikakaa na watoto wa miaka saba, magoti yakigusa ubao wa dawati. Mwalimu hakuwa mkali. Alinionyesha picha ya mbwa, nikasoma mbwa. Wenzangu wengi wa Nakivale wana hadithi hiyohiyo, na baadhi waliacha shule kwa aibu ya magoti.

Ndiyo maana jambo moja katika "The Changeling" siwezi kuisamehe tamthilia. Kabla sehemu haijaisha, daktari McCoy anamwarifu nahodha kwamba Uhura amekwisha kufikia kiwango cha chuo, atarudi kazini ndani ya juma moja. Juma moja! Mimi ilinichukua miaka mitatu kufika nilipokuwa. Na sehemu inayofuata Uhura yuko mahali pake, kifaa sikioni, kana kwamba hapakutokea kitu. Hakuna anayemwuliza kama anaukumbuka uso wa mama yake. Tamthilia inayojigamba kuchunguza dunia mpya ilipata dunia mpya kitandani mwa mgonjwa wake yenyewe, ikaipita. Zilitengenezwa sehemu 79 kabla NBC haijaisimamisha mwaka 1969, na hakuna hata moja iliyorudi kuuliza.

Likizo iliyopita niliipeleka flashi nyumbani Base Camp, tukatazama kwa kompyuta ya jirani: mama mdogo, binamu zangu, na majirani waliokuja kuchaji simu. Niliwatafsiria kama VJ, bila ufundi wake. Uhura alipotamka Kiswahili, mama mdogo aliyekuwa anachambua maharage aliinua kichwa.

"Huyu dada ni wa kwetu?"

"Anasema hivyo, mama."

Chapel alipomrudisha kwenye Kiingereza, mama mdogo akaacha maharage. "Sababu ya nini banamukataza?"

Nilimweleza kwamba wanamsaidia ili arudi kazini. Akasema anafahamu kusaidiwa. Kisha akauliza kwa nini nesi asijifunze yeye hayo maneno machache, maana mgonjwa ni mmoja na hao wazima ni wengi. Nimesoma makala kadhaa kuhusu Star Trek na sijakutana na mhakiki aliyeuliza hivyo.

Baadhi ya walimu wetu huiona bunilizi ya kisayansi kuwa mzigo wa kigeni ambao Kiswahili kinabebeshwa. Nawakumbusha Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, miaka 15 kabla ya Enterprise kuruka. Nchi ya Kusadikika iko angani. Wajumbe wake wanatumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na duniani, wakatafute mambo mapya yanayofaa kwao. Hiyo ndiyo kazi ya Enterprise. Tofauti iko katika kurudi. Kirk na watu wake wakirudi na habari wanapewa safari nyingine. Wajumbe wa Kusadikika wakirudi na elimu wanatupwa gerezani, na Karama anasimama barazani kuwatetea wakati yeye mwenyewe anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Shaaban Robert alijua kwamba ugumu wa safari hauko angani. Uko mlangoni pa wakubwa wanaoamua kipi ni maarifa na kipi ni kosa. Kwa kipimo hicho naiona Kusadikika kuwa bunilizi iliyokomaa zaidi, ingawa haina hata taa moja ya kumetameta.

Jina la Uhura nalo tulizungumzie, maana hapa somo letu la sarufi linafaa. Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, akalipenda neno. Kisha likabadilishwa mwisho wake likawa Uhura, lipate ulaini wa jina la kike. Sisi tunajua Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo. Irabu "a" mwishoni haimfanyi mtu mwanamke, muulizeni Juma. Hiyo ni sikio la Kilatini lililowekwa juu ya neno letu. Baadaye akapewa jina la kwanza Nyota, lililotamkwa hadharani katika filamu ya mwaka 2009, na safari hii hawakuligusa.

Siandiki haya kumshusha Nichols. Alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, akimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanawaona Weusi walivyopaswa kuonekana. Mae Jemison, aliyekwenda angani mwaka 1992, mwanamke wa kwanza Mweusi wa Marekani kufika huko, alisema Uhura alikuwa sehemu ya ndoto yake ya utotoni. Jemison huyo, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari, alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi wa Kambodia huko Thailand. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022, mwezi uleule Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Magazeti ya hapa hayakuunganisha habari hizo mbili, wala hapakuwa na sababu ya kuziunganisha. Ni mimi tu.

Mwaka huohuo wa 2022 ilianza Strange New Worlds, ambamo Uhura kijana anaigizwa na Celia Rose Gooding. Huyu ametoka Kenya, wazazi na kaka yake wamekufa kwa ajali ya chombo, na anajua lugha 37. Hapa kuna marekebisho makubwa. Lugha sasa ni kazi yake na ni sayansi yake. Katika sehemu ya pili anawaokoa wenzake kwa kugundua kwamba kitu kigeni angani kinazungumza kwa muziki. Mwaka 1967 mashine ilimwadhibu kwa kuimba, mwaka 2022 kuimba kunafungua mlango. Sijui kama waandishi wapya walilitazama lile tukio la kale kabla ya kuandika, lakini mimi siwezi kutazama moja bila jingine. Hata hivyo amri bado zinatolewa kwa Kiingereza, na 37 ni idadi inayosifiwa kama mtu anavyosifiwa kwa kuruka juu sana. Mama yangu ana lugha tano na hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Muhula uliopita wanne kati yetu tuliamua kuitafsiri "The Changeling" nzima kwa Kiswahili, kwa sauti, tuweke juu ya picha kama VJ. Tulikutana chumbani kwangu Ruti. Mambo mengi yalikwenda vizuri. Nomad ilipata Kiswahili kikavu cha matangazo ya redio, McCoy akapata ukali wa daktari wa zahanati. Tukakwama pale kitandani. Kama chombo kizima kinazungumza Kiswahili, Uhura anayefundishwa upya atatokwa na lugha gani? Mwenzetu wa Isingiro alisema Kinyankole, ili watazamaji wa Mbarara wamhurumie. Msichana kutoka Juru alitaka Kinyarwanda. Mimi nilisema Kibembe, na nilipoijaribu sentensi kwa sauti, mwenzangu aliyekuwa anasoma nafasi ya Chapel alisoma mstari wake kama ulivyoandikwa kwenye daftari letu: "Hapana, sema kwa Kiswahili." Alilisema vizuri, kwa upole, kwa Kiswahili sanifu, kama walimu wetu wanavyonisahihisha ninapoandika "banaenda".

Tulitazamana. Mmoja alipendekeza tuukate mstari huo, mwingine akasema tukiukata hakuna tena tukio. Mpaka sasa kwenye nakala yetu, dakika hizo mbili zinapita kwa sauti za asili, bila tafsiri.